Siku Niliyompeleka Mke Wangu Porini Kiboko

Mimi ni mtu wa kushurutisha watu. Nasema mapema usije ukanihurumia bure. Nikipenda kitu sipumziki mpaka na wewe umekipenda, na usipokipenda nanuna kama mtoto aliyenyimwa muwa. Nilifanya kazi miaka mingi Kiboko, kwenye mashamba ya utafiti, nikipima urefu wa mtama na kufukuza ndege wasimalize mbegu. Hao ndege niliokuwa nalipwa kuwafukuza ndio walionifanya nilipende pori. Nilianza kwa kutaka kumjua adui yangu, nikaishia kuwajua wote kwa sauti, kwa mruko, kwa namna wanavyogombana. Nilipostaafu nikarudi nyumbani Nunguni, kwenye baridi na ukungu, nikaanza kuwatoa watu majumbani mwao niwaonyeshe.

Nilimtoa yeyote mwenye miguu. Fundi wa viatu wa sokoni alinibishia kwamba vilima vyetu anavijua, si amezaliwa hapa. Nikampeleka kwenye kijito kilicho nyuma ya nyumba yake mwenyewe, nikamwonyesha kiota kilichofumwa kwa nyasi juu ya maji, akachuchumaa kukitazama mpaka nikamwacha hapo. Siku kama hiyo nilikuwa narudi nyumbani nimeshiba hata kabla ya kula.

Shida ya kwetu ni kwamba mtu hatembei bure. Ukikutana na jirani huna jembe, huna mtungi, huna gunia la kabeji, atakuuliza unaenda wapi, na "natembea tu" si jibu. Atakutazama kwa huruma, na kufikia jioni kanisa zima litakuwa linajua kwamba mzee fulani ana mawazo. Kwa hiyo nilikuwa nabeba panga. Mtu mwenye panga ana shughuli, na hakuna anayemuuliza zaidi.

Aliyenishinda ni mmoja tu, mke wangu.

Kwao ni Kitui, kule chini kwenye joto, pembezoni mwa pori la ndovu. Akiwa msichana alitumwa maji, akakutana na kundi lao njiani, akapanda mti na kukaa huko tangu asubuhi mpaka alasiri, wao wakiwa chini wanakula matawi bila haraka. Watu wa kwao hawaendi porini kwa starehe. Wanaenda kutafuta mbuzi aliyepotea, na wakimpata wanarudi mbio. Kila nilipoinama kufunga kamba za viatu alikuwa akiniuliza, "Leo umepoteza mbuzi gani?" Nami nilikuwa nikimjibu kwamba nimepoteza mmoja mweusi mwenye doa, kisha naondoka.

Halafu akapatikana na ugonjwa wa sukari. Daktari wa kliniki akampa vidonge, akampa karatasi ya vyakula, akamwambia atembee kila siku. Hapo ndipo hofu iliponiingia, na mpaka leo haijatoka. Dada yake mkubwa alikuwa na ugonjwa huohuo. Kilianza kidonda kwenye kidole cha mguu, kidole kikakatwa, kisha mguu, na mwaka haukuisha tukamzika. Nikaanza kumchunguza mke wangu bila yeye kujua. Akivua viatu natazama nyayo zake. Akikohoa nasimama. Akiomba maji mara mbili mchana mmoja, nahesabu vikombe. Sikuweza kumwambia kwamba naogopa, basi nikafanya ninachokijua. Nikamshurutisha atembee.

Alikuwa na haya ya kuonekana akizurura na mumewe kama wachumba. Nikampa kiondo, kikapu chake cha kusuka, abebe, watu wadhani anaenda sokoni. Tukaanza na matuta ya shamba letu, tukaenda mpaka kwenye tangi la maji, kisha mpaka shuleni. Alikuwa akilalamika njia nzima. Kisha jioni moja akasimama mwenyewe, sijamwambia kitu, akanyoosha kidole kwenye ua. "Yule mwenye kifua chekundu, jana hakuwa hapo," akasema. Nilikaribia kulia. Miaka thelathini na kitu ya ndoa, na huyo alikuwa ndege wa kwanza ambaye yeye ndiye aliyenionyesha.

Mtu mwenye akili angefurahia hilo akanyamaza. Mimi nikaona sasa ameiva, nikatangaza kwamba nampeleka Kiboko, kwenye chemchemi iliyo ndani ya pori, mahali ninapopapenda kuliko mahali popote duniani.

Ilikuwa Januari. Kanisa letu hufunga siku tatu mwanzoni mwa mwaka, Jumatatu mpaka Jumatano, bila chakula. Mchungaji alisema wazi kwamba wagonjwa wasifunge, waombe tu. Nilimsikia kwa masikio yangu, na mke wangu alikuwa kando yangu akiitikia kwa kichwa. Kwetu mtu akifunga hasemi. Anajipaka mafuta, anachana nywele, anatabasamu, kwa sababu ukijitangaza umeshapata thawabu yako kwa watu. Mke wangu alifunga. Alinipikia kama kawaida, kwa maana mimi kufunga kulinishinda zamani, akakaa mezani na kikombe cha chai mpaka kikapoa, akasema ameshakula jikoni. Na kila asubuhi alikuwa akimeza kidonge chake cha sukari, kwa sababu dawa si chakula, haivunji mfungo. Kidonge kile kazi yake ni kushusha sukari, nacho kilikuwa kinaishusha kwenye tumbo tupu. Sikujua hata moja katika hayo. Mimi, ninayejua ndege amehama tawi, sikujua kwamba mke wangu hali.

Tukaondoka Jumatano. Asubuhi nilimkuta akipanga kiondo, chupa ya chai, mkate, ndizi mbivu na soda.

"Tunaenda harusi ya nani?" nikamuuliza.

"Ni vyako," akasema.

Hakusema vyetu, alisema vyako, na mimi sikusikia. Nina sheria yangu ya kijinga kwamba porini mtu haendi na vyakula vya dukani, kwa sababu watu hukaa chini kutafuna na kuacha makaratasi. Nikavitoa kimoja kimoja nikavirudisha kabatini. Nikaacha chupa ya maji tu. Alinitazama, akafunga kitambaa kichwani.

Tulibadilisha gari Emali, tukashuka Kiboko kabla ya jua kuwa kali. Tukaacha malori yakinguruma barabarani, tukashika kijia. Nilikuwa na furaha mpaka naona aibu kuikumbuka. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimenyesha vizuri na pori lote lilikuwa kijani. Nikamwonyesha digidigi wawili, mke na mume, wanaotembea pamoja maisha yao yote. Hondohondo akapita juu na domo lake kubwa, mke wangu akacheka, akasema huyo anafanana na mzee mmoja wa kanisa. Alimtaja. Ni kweli anafanana naye.

Tulipofika kwenye chemchemi alipiga magoti ukingoni. Maji pale yanatoka chini ya mawe, safi mpaka unaona changarawe, na migunga yenye magome ya njano imeyazunguka. Alichota kwa kiganja akanawa uso. Mimi nikaona tu kwamba amependa.

Tulikuwa tumekaa hapo tuliposikia shoka. Kwa mbali, upande wa juu, mtu alikuwa anakata. Damu ikanichemka. Wachoma makaa wa pori lile nawajua. Nimegombana nao mara nyingi, na mmoja nilishawahi kumfukuza nikibomoa tanuru lake kwa miguu yangu.

"Ngoja niende nikamwonyeshe," nikasema nikisimama.

"Mwache," akasema mke wangu. "Leo umekuja na mimi."

Nikamwacha. Lakini badala ya kurudi barabarani nilimwambia twende mbele kidogo, kuna mwamba ambao tai wamejenga juu yake. Nilisema ni karibu. Kwa mguu wangu ni karibu. Jua lilikuwa limepanda, na baada ya muda nikaona amebaki nyuma.

"Kaza mwendo kidogo," nikamwambia. Naomba Mungu anisamehe kwa maneno hayo matatu.

Alipofika nilipo alikuwa ameloa jasho, na tulikuwa kivulini. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nikamwambia akae, akakataa kwa hasira ambayo si yake. Kisha akakaa mwenyewe, vibaya, mguu mmoja umekunjwa chini yake, akaniuliza kama mbuzi wote wamerudi.

"Mbuzi gani?"

"Kaka, usinichezee," akasema. "Mama atatupiga."

Kaka yake alishakufa. Ile karatasi ya kliniki niliijua kwa moyo kuliko hata yeye: jasho, kutetemeka, hasira, kuchanganyikiwa. Sukari imeshuka, mpe kitu kitamu upesi. Chini yake walikuwa wameandika kwamba mgonjwa anaweza kupoteza fahamu na asiamke.

"Umekula nini asubuhi?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta neno. "Siku haijaisha," akasema.

Nikaelewa. Kila kitu kikanijia kwa pamoja, chai iliyopoa, kiondo, neno vyako. Nikapekua mifuko yangu mara tatu. Hapakuwa na peremende wala kipande cha sukari guru. Simu haikuwa na mtandao. Nilikuwa na panga na chupa ya maji na majina ya ndege.

Basi ndege akaita. Kuna ndege mdogo wa kijivu anayejua mahali nyuki wanapoishi. Akimwona mtu anapiga kelele ya haraka, anaruka mti kwa mti mpaka akufikishe kwenye asali, ili ukishavunja naye apate nta. Nimewaeleza watu habari zake mara nyingi mpaka wanamalizia sentensi zangu. Siku ile alikuja mwenyewe, juu ya kichwa changu, akiniita. Nilidhani ni Mungu. Nikamlaza mke wangu kwa ubavu, nikamfuata ndege nikikimbia.

Hakunidanganya. Alinifikisha kwenye mti mrefu mnyoofu, na juu kabisa, mara tatu ya urefu wangu, nikaona tundu na nyuki wakiingia na kutoka. Sikuwa na moto, sikuwa na kamba, na nina miaka sitini na minane. Nilijaribu kupanda. Niliteleza, nikachubuka mikono yote miwili, nikajaribu tena. Ndege alikuwa amekaa karibu akinipigia kelele. Hapo chini ya mti nilimtukana, yeye na pori lote, kwa matusi ambayo sijawahi kumtolea binadamu.

Nilipotulia kuvuta pumzi nikalisikia tena lile shoka.

Nilikimbia kulifuata nikipiga mayowe. Mchoma makaa alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, kifua wazi, mweusi kwa vumbi la kazi yake. Aliponiona nakuja na panga aliinua shoka lake. Nikalitupa panga chini.

"Sukari," nikasema. "Mke wangu anakufa. Una sukari?"

Alinikazia macho. "Si wewe ndiye ulibomoa tanuru langu?"

"Ni mimi."

Aliingia chini ya turubai lake, akatoka na karatasi ya sukari iliyokunjwa na chupa ya chai ya rangi, nikamwonyesha upande, akatangulia mbele yangu akikimbia. Sikuamini miguu yangu ingeweza kumfuata, lakini ilimfuata.

Tulimkuta bado anapumua, macho nusu wazi. Yule bwana alipiga magoti akamwinua kichwa, mimi nikachovya kidole kwenye sukari nikampaka ndani ya shavu, kwenye ufizi, kidogo kidogo, nikiogopa asipaliwe. "Meza, susu," yule bwana alikuwa akimwambia, kwa namna sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. "Meza kidogo tu." Nilikuwa nalia wazi mbele ya mtu niliyemharibia riziki. Sijui ilichukua dakika ngapi. Najua kwamba wakati fulani ulimi wake ulisogea, akalamba, na baadaye kidogo akashika chupa ya chai kwa mikono yake mwenyewe, akanywa mpaka ikaisha.

Bwana wa makaa alikwenda akaleta pikipiki yake, akashusha magunia, akatubeba wote wawili mpaka barabarani na mpaka zahanati. Pale mlangoni nilitaka kumwambia kitu cha maana. Nilichoweza ni kumwomba radhi kwa tanuru. Akasema, "Mtazame mama kwanza," akawasha pikipiki akaenda.

Muuguzi alimtoboa kidole, akampima, akamuuliza alikula lini mara ya mwisho.

"Jumapili," akasema mke wangu, taratibu, akitazama sakafu.

Muuguzi alinigeukia mimi. Alinipa maneno ambayo nilistahili, tena mbele ya watu, nikayapokea yote nimesimama. Alipotoka tukabaki peke yetu, yeye kitandani, mimi kwenye kiti. Hasira ikanipanda, ile hasira inayokuja mtu akishapona.

"Mchungaji alisema wagonjwa wasifunge," nikamwambia. "Ulikuwa unaomba nini cha kufia?"

Aligeuza uso akanitazama.

"Wewe," akasema.

"Mimi nina nini?"

"Unaondoka asubuhi husemi unaenda wapi. Moyo wako una miaka yako. Kuna nyoka, kuna ndovu, kuna mawe. Mimi nakaa nyumbani na simu mkononi. Kila Jumamosi, miaka yote hii. Ikilia naogopa, isipolia naogopa." Alivuta shuka mpaka kifuani. "Nilimwomba Mungu akutoe porini. Nikasema nitafunga siku tatu, nimalize, na wewe uwe umeacha."

"Na siku ya tatu ukakubali kwenda nami huko huko."

"Nilifikiri likikupata jambo leo, angalau usiwe peke yako."

Nilikuwa nimemtembeza asife, naye alikuwa amefunga nisife, kila mmoja akimficha mwenzake, na nusura tuuane. Nilimshika mguu juu ya shuka, ule mguu ambao nilikuwa nauchunguza kwa siri, nikamwambia yote, kuhusu dada yake, kuhusu nyayo, kuhusu kila mara alipoomba maji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nimekonda na sikuwa nimegundua.

Tulifanya mapatano. Mimi siendi peke yangu tena, na yeye hafungi tena. Nilifikiri habari ya matembezi kwake imeishia hapo, wala sikuigusa. Sikumshurutisha tena kwa lolote, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kupanda ule mti.

Mvua za masika zilipokwisha, alirudi kutoka kwenye kikao cha akina mama akasema amewaeleza habari ya chemchemi, nao wanataka kuiona. Watakwenda kumi na mmoja. Yeye ndiye atakayewaongoza.

"Nitawapeleka," nikasema, nikitafuta viatu.

"Hapana. Wewe unaharakisha watu."

Walikwenda Jumamosi. Nilimwona akinywa uji, akila mayai mawili na kiazi kitamu kizima. Niliona sukari ikiingia kwenye kiondo chake, na soda, na mkate, na ndizi. Nilipomaliza kukikagua nikakikagua tena. Saa mbili alikuwa ameshaondoka, nami nikakaa kwenye kiti mbele ya nyumba na simu mkononi.

Saa nne haikulia. Nikahesabu wako wapi. Saa tano haikulia. Nikakumbuka kwamba kule ndani hakuna mtandao, haikunisaidia. Jirani alipita akanisalimu, sijui nilimjibu nini. Kuna wakati nilisimama kwenda kuchota maji nikakaa tena, nikiogopa kelele ya maji itanizuia kuisikia ile simu. Nilijaribu kuomba, nikagundua kwamba ninachoomba ni arudi na asiende tena, nikaacha katikati.

Ililia saa saba na dakika kumi. Nilibonyeza kwa haraka nikakosea, nikabonyeza tena.

"Tumetoka mpaka barabarani, tumefika salama," akasema. Nyuma yake akina mama walikuwa wanaongea wote kwa pamoja. "Sikiza, tumemwona ndege huko ambaye hukunionyesha. Hawa wananiuliza jina, nimeaibika. Ni mweusi mgongoni, mkia mrefu, na hapa shingoni ana rangi fulani. Ni nani huyo?"

Nilimjua kabla hajamaliza. Nilimwambia sijamwelewa vizuri, anieleze tena taratibu, rangi moja moja, nikae nisikie sauti yake.